Mlango wa Uchunguzi Usipite Njia ya Mkato

Programu dhibiti iliyomo ndani ya chipu ya Wi-Fi huanguka mara chache, na siku inapoanguka ndipo hujulikana kama kiendeshi, yaani programu ya kompyuta inayoiongoza chipu hiyo, kinaweza kuiwasha upya na kurudisha mtandao. Kwa kuwa hatuwezi kukaa tukingoja ajali ijitokeze yenyewe, huwa tunatia katika kiendeshi milango ya uchunguzi, yaani faili ndogo ambazo mjaribu akiziandikia neno fulani, ajali hutokea kwa makusudi.

Katika Linux mahali pa milango hiyo ni debugfs, mfumo wa faili wa kuchunguzia keneli (kiini cha mfumo wa uendeshaji), ambao kwa kawaida hupatikana katika /sys/kernel/debug. Viendeshi vinavyotumia mac80211, sehemu ya Linux inayoshughulikia Wi-Fi kwa niaba ya viendeshi vingi, hukuta saraka zao zimekwisha kuandaliwa chini ya ieee80211. Kuunda faili yenyewe ni kazi ya mistari michache, wala huna haja ya kukagua kama imeundwa, kwa sababu kiendeshi kinapaswa kufanya kazi vilevile hata debugfs isipokuwapo.

Mlango wangu wa kwanza ulikuwa wa kivivu. Ukiandikiwa, uliita moja kwa moja kazi ya kuwasha maunzi upya, na kila nilipoujaribu mtandao ulirudi, nikaridhika. Baadaye chipu ikaanguka kweli wakati kiendeshi kimetuma amri na kinasubiri jibu huku kimeshikilia kufuli, yaani kizuizi kinachoruhusu kazi moja tu kupita kwa wakati mmoja. Kazi ya kuwasha upya ikalitaka kufuli lile lile, jibu halikuja kamwe, na kwa kuwa sikuwa nimeweka ukomo wa kusubiri, kiendeshi na kazi hiyo vikagandana. Majaribio yangu yasingeweza kuligundua kosa hilo, kwa sababu yalianzia mahali ambapo ajali ilikuwa imekwisha kupita.

Kwa hiyo ninakushauri uiangushe programu dhibiti yenyewe, kisha ukiache kiendeshi kigundue kama ambavyo kingegundua siku ya ajali. Tazama ath10k, kiendeshi cha Linux cha chipu za Wi-Fi za Qualcomm Atheros: faili yake ya simulate_fw_crash hupokea neno «soft», linaloipelekea programu dhibiti amri ya kujiangusha, au «hard», linaloipelekea amri yenye vigezo batili hadi ianguke, na lipo pia «hw-restart», ambalo huwasha upya tu bila ya kitu kuanguka. Hilo la mwisho lina manufaa yake, mradi usilichukue kuwa jaribio la ajali. Mimi huongeza jambo moja: kuangusha wakati kifaa kinatafuta mitandao, na tena wakati kinajiunga, maana kifaa kilichotulia hakifichui mengi.

Ushahidi nao usiutafute kwa kumwaga kila mahali maandishi ya printk, kazi ya keneli ya kuandika ujumbe katika kumbukumbu za mfumo. Maandishi hayo huchelewesha kiendeshi, na hitilafu inayotegemea mpishano wa nyakati huweza kutoweka pale pale unapoichungulia. Alama za ufuatiliaji za keneli (tracepoints) ni nyepesi zaidi. Kumbukumbu ya chipu iliyoanguka ikabidhi kwa devcoredump, sehemu ya keneli inayohifadhi kumbukumbu za vifaa vilivyoanguka, lakini hati yako ya majaribio (skripti) iinakili mapema, kwa kuwa keneli huifuta baada ya dakika 5 isiposomwa na kuondolewa.

Faili za milango hiyo zipe ruhusa ya 0600, inayomruhusu mmiliki pekee kusoma na kuandika, na uziweke nyuma ya chaguo la usanidi ili zisiingie katika keneli ya watumiaji wa kawaida. Usiogope kubadilisha majina yake baadaye, kwani debugfs haiahidi uthabiti kwa mtu yeyote.