Maswali Yenu: Tunaamini Hili, Tunatenda Lile

Barua za safari hii zimefanana. Kila mmoja kauliza lake, lakini karibu zote zinagusa tunu tulizolelewa nazo na jinsi zinavyotuongoza, au zinavyotuponyoka, mtu anapokuwa njiani, sokoni au nyumbani. Nimejibu tano.

Shikamoo Mwalimu. Nilikuwa nawahi kazini, nikamwona mzee kaketi chini pale kituo cha daladala, anahema kwa taabu. Nikapita. Mimi ni mzee wa kanisa. Je, imani yangu ni ya mdomoni tu? (Morogoro)

Marahaba. Swali lako limenikaa moyoni, na nitakujibu kwa kirefu.

Mwaka 1973 wanasaikolojia wawili wa Marekani, John Darley na Daniel Batson, walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi wa theolojia huko Princeton. Kila mmoja aliambiwa aende jengo la pili akatoe hotuba fupi, na baadhi yao walipewa kuzungumzia mfano wa Msamaria Mwema. Njiani walikuwa wamewekewa mtu aliyejikunyata mlangoni, anakohoa na kuguna. Miongoni mwa walioambiwa kwamba muda bado upo, asilimia 63 walimsaidia. Miongoni mwa walioambiwa kwamba wameshachelewa, asilimia 10 tu. Kuwa na habari za Msamaria kichwani hakukuleta tofauti ya maana. Wapo waliomruka yule mtu ili wawahi kwenda kumsifu Msamaria.

Wengi husoma habari hii wakasema dini ni maneno matupu. Mimi sikubali. Watafiti wenyewe waliona kwamba waliopita bila kusaidia walifika wakiwa na wasiwasi usoni. Imani yao ilikuwa inawauma, kama yako inavyokuuma. Na kuwahi nako ni tunu: kuna mtu anakusubiri, umempa neno lako. Tunu mbili zilikutana ndani yako asubuhi ile, na ile yenye saa mkononi ikashinda.

Kwa hiyo sitakuambia uombe zaidi, hilo unalijua kuniliko. Toka nyumbani robo saa mapema. Na rudi pale kituoni, waulize mama ntilie na vijana wa bodaboda. Aghalabu wao ndio wanaojua nani alisaidiwa na alipelekwa wapi.

Jirani yangu ni mchoyo, hata chumvi hakuazimi. Lakini ikiitishwa harambee ya shule, yeye ndiye wa kwanza kutoa. Huu si unafiki? (Malindi)

Huenda si unafiki. Juu kidogo ya pwani yenu, kaunti ya Tana River, wanaishi Waorma, wafugaji wa ng'ombe. Mwanaanthropolojia Jean Ensminger aliwachezesha mchezo wa fedha halisi: kila mtu anapewa kiasi, anaamua kwa siri atie ngapi katika mfuko wa pamoja, mfuko unaongezwa maradufu kisha wote wanagawana sawa. Mjanja hatii kitu, anasubiri mgao. Waorma, mara tu walipoelezwa, wakauita mchezo wa harambee, na kwa wastani wakatia zaidi ya nusu ya walichopewa. Hakuna aliyewafundisha jina hilo. Walikuwa wanajua tayari jinsi watu wanavyochangia shule na barabara, wakautambua mchezo kwa desturi hiyo.

Jirani yako naye anajua mtu hufanyaje kwenye harambee. Chumvi ya mlangoni ni habari nyingine, na pengine kwao walikozaliwa kuomba ndiko kulikoonekana aibu. Katika mlolongo huohuo wa tafiti, zilizogusa jamii ndogo 15 duniani, Waau na Wagnau wa Papua New Guinea walipewa mchezo mwingine: mmoja anapendekeza jinsi ya kugawa fedha, na mwenzake akikataa, wote wanakosa. Mara nyingi walikataa hata walipopewa zaidi ya nusu! Kwao zawadi usiyoiomba ni deni, na anayekudai ndiye anayechagua siku ya kulidai. Ukimwelewa mtu wa namna hiyo, utamwelewa na anayeona tabu kuazima na kuazimisha.

Mjaribu kwa jambo la mtaa mzima badala ya chumvi.

Mwanangu wa miaka sita amezaliwa Ujerumani. Tulipokwenda Tanga hakuwaamkia wakubwa, akawakazia macho. Mama mkwe kasema nimelea mtovu wa adabu. (Hamburg)

Pole, dada. Shikamoo huelezwa kuwa ni "nashika miguu yako", na mtoto asiyewahi kuona mtu akiinama hawezi kuitoa kifuani. Shuleni kwake kumtazama mkubwa machoni ndiyo heshima. Adabu anayo, ila ya kule anakosomea.

Lakini usimwachie hapo. Watafiti waliwapa watoto wa miaka minne, Wajerumani wa mjini na Wanso wa vijijini Cameroon, kitu kitamu kimoja, na ahadi ya cha pili wakisubiri dakika kumi. Wanso walipewa andazi la kwao. Wengi wa Wanso walisubiri, wengi wa Wajerumani walishindwa. Mama wa Kinso humzoesha mtoto utulivu tangu akiwa mchanga, kila siku. Wewe nawe mzoeshe wako kwa simu: bibi akipiga, salamu kwanza, hadithi baadaye. Na mama mkwe mwambie unafundisha. Asimhukumu mjukuu kwa likizo moja.

Mimi Mngoni. Tulipomzika baba, Mhehe mmoja alikuja akalala karibu na kaburi, akadai hela ndipo aondoke. Nimekasirika hadi leo. (Songea)

Huyo ni mtani wako, ndugu. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali karne ya 19, na mabaki ya vita hivyo ndiyo utani. Amekuja kukupa ruhusa ya kucheka siku ambayo hakuna mwingine angethubutu. Siku akifiwa yeye, nenda ukamlipize.

Nitamfundishaje binti yangu ukarimu? Nimemweleza sana, haelewi. (Zanzibar)

Acha kumweleza. Ramadhani ikifika, mpe sahani ya futari aipeleke mwenyewe kwa jirani, kabla ya adhana, na yeye akiwa na njaa. Asitumwe mfanyakazi, wala usimsindikize. Atakaporudi na sahani ya jirani imejaa vibibi, muulize tu: kesho tuwapelekee nini?