Majani yana matobo: tupige dawa au tuache?

Mahindi yangu yana majani sita, viwavijeshi vamizi wameyatoboa. Jirani kapiga dawa jana. Nami nipige? (Mkulima, Kilolo)

Hesabu kwanza. Pita shambani kwa kuzungukazunguka, simama sehemu tano, kila sehemu kagua mimea 20. Hesabu mmea wenye alama mpya kwenye majani ya moyoni au kinyesi kibichi kinachofanana na unga wa mbao. Matobo ya zamani kwenye majani ya chini yaache. Kiwavi aliyeyafanya huenda keshakuwa nondo na kuondoka.

Kwa umri huo, mimea 20 ikishambuliwa kati ya 100, chukua hatua. Mahindi yakikaribia kutoa mbelewele (maua ya kileleni), unaweza kuvumilia hadi 40 hivi, maana mmea mkubwa hufidia majani yaliyoliwa. Mbelewele zikishatoka, usipige kabisa: dawa haimfikii kiwavi aliyejificha ndani ya hindi, ila itawamaliza nyigu wadogo wanaotaga kwenye mayai na miili ya viwavi. Hao nyigu wanakufanyia kazi bure.

Wengi hulalamika kwamba dawa ni feki. Mara nyingine ni kweli, lakini mara nyingi wamechelewa: kiwavi mkubwa hukaa chini ya kizibo cha kinyesi chake mwenyewe, na dawa hupita juu. Wawahi wakiwa hawajafika sentimita 1, asubuhi mapema au jioni, na bomba lielekee kwenye moyo wa mmea.

Sisimizi wamejaa kwenye mparachichi, majani yamekuwa meusi kama masizi. Ndio wanaoula? (Msomaji, Tukuyu)

Hapana, wamefuata sukari. Geuza majani na uangalie vijiti vichanga. Utakuta vidukari au wadudu gamba wanaofyonza utomvu. Utomvu una sukari nyingi na protini kidogo mno, kwa hiyo mdudu hulazimika kunywa mwingi na kuitoa sukari ya ziada. Sisimizi huilamba, na kwa malipo huwafukuza mbawakawa wenye madoadoa ambao wangewala wafyonzaji hao. Ile rangi nyeusi ni ukungu unaoota juu ya sukari na kulinyima jani mwanga.

Kata matawi yanayogusa ardhi au miti mingine. Funga kitambaa kuzunguka shina, kisha upake grisi juu yake. Usipake kwenye gome lenyewe, litaungua. Sisimizi wakikosa njia, maadui wa vidukari hurudi wenyewe.

Maharage ya wiki tatu yanageuka njano na shina limepasuka karibu na udongo. Nimeng'oa, sioni mdudu. (Mbozi)

Bandua ganda la shina pale chini. Utaona vitu vidogo vya kahawia: ni pupa wa inzi wa maharage. Inzi hutaga kwenye majani ya kwanza, na funza hutoboa kupitia kikonyo hadi chini ya shina, akikata njia ya chakula kuelekea mizizini. Kupiga dawa sasa ni kutupa fedha.

Palilia ukipandisha udongo kuzunguka shina, udongo ukiwa na unyevu. Mmea hutoa mizizi mipya juu ya jeraha, na mingi hupona. Msimu ujao panda mapema, kwani maharage ya kuchelewa hukuta inzi wameshazaliana kwenye mashamba ya waliotangulia. Yaliyokufa ng'oa na uyachome.

Niache majani yanayotoa maua pembeni mwa shamba? (Njombe)

Acha ukanda. Nyigu tuliowataja hapo juu hunywa nekta (maji matamu ya maua) wakiwa wakubwa.

Pareto huua wadudu. Mbona thiripi, wale wadudu wadogo sana, wanastawi kwenye pareto yangu? (Makete)

Kwa sababu sumu haijasambaa mmea mzima. Sehemu kubwa imo kwenye vitezi vilivyo juu ya mbegu changa ndani ya ua. Kwenye majani ni kidogo sana, na thiripi hufyonza majani. Ukitumia dawa ya pareto kwenye mboga, piga jioni: jua huivunja ndani ya saa chache, na jioni nyuki, ambao dawa hiyo huwaua pia, wamesharudi mzingani.