Kabla hujakubali kuongoza uchangishaji fedha kwenye shirika la afya

Ukiitwa kwenye usaili wa ukuu wa idara ya uchangishaji, iwe Dar es Salaam au Nairobi, usianze na mshahara. Omba hesabu zilizokaguliwa za miaka 3 na orodha ya wafadhili pamoja na kiasi alichotoa kila mmoja. Mfadhili mmoja akibeba zaidi ya nusu ya bajeti, hiyo ni hatari unayorithi. Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, mashirika mengi ya huduma za VVU yalilazimika kupunguza watumishi ndani ya wiki chache.

Kisha ulizia fedha zisizo na masharti, yaani zile ambazo mfadhili hajazifunga kwenye mradi fulani. Hapa ndipo shirika linapopona au linapozama. Chukua ruzuku ya shilingi milioni 500 inayoruhusu asilimia 7 yake itumike kwa gharama za uendeshaji: ni milioni 35. Kama mhasibu, ukaguzi, pango na umeme wa ofisi vinakula kiasi cha asilimia 15 ya ruzuku, unahitaji milioni 75. Ruzuku hiyo iliyopigiwa makofi inakudai milioni 40 kutoka kwingine. Zipate 3 kwa mwaka, pengo limefika milioni 120, na shirika litakosa mishahara huku miradi ikiongezeka. Jadili asilimia hiyo kabla ya kusaini, na ingiza kwenye bajeti ya mradi saa ambazo mhasibu anautumikia, zikiwa na karatasi za kuzithibitisha. Ikishindikana, ruzuku ya namna hiyo inabidi ikataliwe, na bodi ikubali hivyo mapema.

Makisio nayo hudanganya. Maandiko 5 ya kuomba ruzuku ya milioni 100 kila moja, yenye nafasi ya asilimia 20 ya kukubaliwa, yanahesabiwa milioni 100, siyo 500. Tena taasisi kubwa zinaweza kuchukua miezi 6 hadi 12 tangu kupokea andiko mpaka fedha kuingia benki, kwa hiyo mwaka wa kwanza tegemea zaidi wanaochangia tayari. Wapigie simu.

Wachangiaji wadogo wa simu wanapotea kwa sababu ya kawaida kabisa: hawajibiwi. Kila asubuhi linganisha miamala ya simu na taarifa ya benki, kisha tuma ujumbe ndani ya saa 48: "Tumepokea shilingi 20,000 ulizotuma jana. Asante sana." Usiongeze "zitanunua dawa za wodi ya watoto" kama hukusudii kuzitenga kwa dawa hizo tu; ukishaahidi, huwezi kuzilipia umeme.

Picha za wagonjwa zinahitaji uangalifu kuliko yote haya. Mama mwenye fistula akipewa fomu ya ridhaa kitandani, kabla ya upasuaji, atasaini akidhani akikataa hatatibiwa. Hiyo siyo ridhaa. Ombi lifanyike baada ya matibabu, na mtu asiyemhudumia, kwa lugha ambayo mama anaielewa, naye ajue picha itaonekana wapi na kwamba anaweza kuiondoa.

Ukiahidiwa kamisheni ya kila shilingi utakayoleta, kataa. Maadili ya taaluma yanaikataza, kwa kuwa inakusukuma kumbana mfadhili kabla hajawa tayari. Omba mshahara kamili, na utendaji wako upimwe kwa idadi ya wachangiaji wa mwaka jana waliorudi kuchangia tena.