Shinikizo la Espreso Nyumbani: Anza na Kusaga, Vali Ifuate

SWALI: Ndugu Mhariri, nina mashine ndogo ya espreso ambayo kisanduku chake kimeandikwa kuwa pampu ina bari 15, yaani kipimo cha shinikizo la maji. Kila ninaposoma kuhusu espreso naona bari 9 ndizo zinazotakiwa. Nilipofunga geji, yaani kipima shinikizo, kwenye mpini wa kichujio, mahali pa kahawa, maji yakakosa pa kutokea na mshale ukapanda hadi 12. Kahawa yangu hutoka matone mwanzoni, kisha hufoka ghafla upande mmoja, na ladha yake huwa chachu na chungu kwa pamoja. Je, nilegeze vali ya kupunguza shinikizo au ninunue mashine nyingine?

JIBU: Ndugu msomaji, usinunue mashine nyingine. Hata hivyo, kabla ya kugusa vali ni lazima tutenganishe mambo mawili: kikomo cha shinikizo ambacho mashine inaweza kufikia, na shinikizo ambalo kahawa hulipata maji yanapopita ndani yake.

Bari 15 za kwenye kisanduku ni uwezo wa juu wa pampu pale maji yanapokuwa karibu hayasogei kabisa. Hazisemi lolote kuhusu ubora wa kahawa, na kwa maoni yangu kuziandika kwa tarakimu kubwa kunawapotosha wanunuzi. Pampu za mtetemo, ambazo ndizo zilizomo katika mashine nyingi ndogo za nyumbani, hutoa maji machache kadiri zinavyokutana na upinzani mkubwa zaidi. Kwa hiyo shinikizo halitoki kwenye pampu peke yake, bali hujengeka pale maji yanapozuiwa na kahawa iliyoshindiliwa. Kahawa yenye chenga kubwa huyaacha maji yapite kwa urahisi, na mashine hiyo hiyo uliyoipima kwa bari 12 inaweza isifike hata 6.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba kazi ianzie kwenye kusaga. Weka gramu 18 za kahawa, ikiwa kichujio chako kinachukua kiasi hicho, na ulenge kupata gramu 36 za kinywaji katika sekunde 25 hadi 30, ukipima kahawa na kinywaji kwa mizani na kurekebisha usagaji mpaka ufikie hapo. Vunja madonge kwa sindano nyembamba, sawazisha uso wa unga, kisha shindilia wima bila kuinamisha mkono. Dalili unayoieleza, ya kahawa kufoka upande mmoja, huonyesha kwamba maji yamechimba mfereji mahali palipo dhaifu: sehemu hiyo huoshwa kupita kiasi na kutoa uchungu, huku sehemu nyingine ikibaki karibu haijaguswa na kutoa uchachu. Shinikizo kubwa huongeza hatari hiyo, lakini mara nyingi unga uliotandazwa vibaya ndio unaoianzisha.

Jambo moja zaidi la kukagua ni kichujio chenyewe. Kama kina kuta mbili na kitundu kimoja kidogo chini, upinzani mwingi unatoka kwenye kitundu hicho, na marekebisho yote ninayoyaeleza hayatakuwa na faida kubwa mpaka utumie kichujio cha ukuta mmoja.

Ukishapata usagaji na ushindiliaji unaofaa, sasa rekebisha vali ya kupunguza shinikizo, ile inayorudisha maji ya ziada kwenye tangi. Chomoa umeme, fungua bomba la mvuke ili shinikizo litoke, na uiache mashine ipoe kabisa kabla ya kufungua kifuniko. Hakikisha pia kwamba kufanya hivyo hakutaiondoa dhamana yako. Weka alama mahali skrubu ilipo, kisha izungushe robo mzunguko tu na upime tena. Katika vali nyingi, kulegeza skrubu hulegeza springi na kushusha shinikizo. Kama vali yako haina skrubu, itabidi springi ibadilishwe, na kazi hiyo ni bora apewe fundi.

Usiishushe hadi geji isome 9 kamili. Njia ikiwa imezibwa, maji yote ya pampu hupitia kwenye vali. Unapopika, sehemu yake hupitia kwenye kahawa, na shinikizo hushuka kidogo. Ukiacha geji kwenye 9.5 au 10, kahawa itapata takribani 9. Baada ya hapo onja, na usage upya ikihitajika.

Bari 9 zenyewe ni mahali pazuri pa kuanzia, wala si amri. Mashine ya wenzo, ya kuvuta kwa mkono, ya Mwitaliano Achille Gaggia ya mwaka 1948 ilitumia springi, ambayo nguvu yake hupungua kadiri inavyokunjuka. Mashine ya Faema E61 ya mwaka 1961 ndiyo iliyozoesha mikahawa pampu ya umeme yenye shinikizo lisiloyumba. Wapo wanaopika kwa bari 6 na kupata espreso laini yenye utamu, nami naona inafaa kujaribu, hasa kwa buni zilizokaangwa kidogo.

SWALI: Geji iliyo mbele ya mashine yangu husimama kwenye 1.2 hata ninapopika. Je, pampu imekufa?

JIBU: La. Geji hiyo hupima mvuke ndani ya boila, na kiwango hicho ni cha kawaida. Shinikizo la kupikia hupimwa kwa geji nyingine, yenye kipimo kinachopita bari 10. Kama mashine yako haina, tumia ile inayofungwa kwenye mpini.