Raba mpya zilinipunguzia kasi kabla ya kuniongezea

Juzi nimepokea ujumbe wa msomaji. Ni mfupi, nauweka kama ulivyo, kwa ruhusa yake: "Kaka, nakimbia kilomita 10 kwa dakika 52. Nataka kushuka chini ya 50. Nina miezi minne naweka akiba ninunue zile raba zenye bamba la kaboni. Ninunue au nisinunue?"

Nilitaka kumjibu kwa neno moja nikalale. Halafu nikakumbuka kwamba swali hilo hilo niliwahi kuwa nalo mimi, na aliyenijibu alikuwa muuzaji. "Hizi," akasema huku akikikunja kiatu kinachogoma kukunjika, "zitakupunguzia dakika tano." Sikumuuliza dakika tano kati ya ngapi, wala kwa mtu anayekimbia mwendo gani. Nilitoa hela.

Wakati huo muda wangu bora wa nusu marathoni, yaani kilomita 21, ulikuwa saa 1, dakika 47 na sekunde 20. Nilitaka kuingia chini ya saa 1 na dakika 45. Asiyekimbia ataona hapo hakuna tofauti. Wewe unayesoma hapa unajua jinsi dakika mbili na sekunde ishirini zinavyoweza kumkosesha mtu usingizi, akageuka kitandani akipiga hesabu za kila kilomita.

Nilipofika nyumbani nilizivaa sebuleni nikatembea kutoka ukutani hadi ukutani. Soli nene, inabonyea halafu inakurudisha juu. Nikamwandikia mwenzangu wa mazoezi, ambaye tumekimbia bega kwa bega miaka mitatu, nikamwambia: "Jumapili tusisubiriane." Naomba mwisome tena hiyo sentensi. Tusisubiriane! Yeye raba zake zilikuwa zimelika soli upande wa nje, na kidole kidogo cha mguu wa kulia kilishaanza kuchungulia dunia. Akajibu neno moja tu: "Sawa, bingwa."

Kosa la pili lilikuwa kubwa kuliko hilo la mdomo. Sikuzivaa mazoezini hata siku moja. Nilikuwa nazitunza. Niliogopa zitachoka kabla ya siku yenyewe, kwa hiyo mara ya kwanza miguu yangu kukutana na raba zile kwa zaidi ya hatua ishirini ilikuwa kwenye mstari wa kuanzia.

Lengo langu lilihitaji dakika 4 na sekunde 58 kwa kila kilomita. Kilomita ya kwanza nikapita kwa 4:38. Nikaangalia saa nikacheka. Ya pili 4:40. Pumzi iko sawa, miguu inajiendea yenyewe, nawapita watu ambao siku zote huwa naona visogo vyao tu. Nilianza kutunga maneno ya kuandika jioni. Kweli kabisa: kilomita ya sita, nilikuwa natunga makala ya ushindi.

Kilomita ya kumi na moja kisigino cha kushoto kikaanza kuwaka. Ya kumi na nne vigimbi vikakaza kama mtu amevifunga kamba. Soli laini na ndefu vile inataka mguu uliozoea kujishikilia juu yake, na wangu haukuwa umezoea. Nikatembea, nikakimbia, nikatembea. Kilomita ya kumi na saba nikasikia hatua ninazozijua nyuma yangu. Akanifikia, akapunguza mwendo kidogo, akasema: "Pole, bingwa. Zinabana?"

Leo naamini aliuliza kwa nia njema. Siku ile sikuamini, na nikiwa mkweli, hadi sasa nikisikia mtu anasema "bingwa" nageuka haraka.

Nilimaliza kwa saa 1, dakika 52 na sekunde 48. Dakika tano na nusu nyuma ya muda wangu wa zamani. Muuzaji alikuwa sahihi kuhusu zile dakika tano; alikosea upande tu. Nilirudi nyumbani miguu mitupu, raba mkononi, lengelenge limepasuka. Wiki mbili nzima nilishuka ngazi kinyumenyume kwa sababu ya maumivu ya kano ya kisigino. Raba nikazisukumia chini ya kitanda.

Hasira ilinifanya nisome. Nilitaka kuthibitisha kwamba ni utapeli. Bahati mbaya si utapeli.

Mwaka 2017 Nike walitoa raba waliyoiita Vaporfly 4%, na hiyo asilimia 4 ilitokana na vipimo vilivyofanywa katika Chuo Kikuu cha Colorado kwa wakimbiaji 18. Ndani ya raba ile walitumia nguvu pungufu kwa wastani wa asilimia 4 kuliko ndani ya raba nyingine mbili za mashindano zilizolinganishwa nayo. Kampuni yenyewe ndiyo iliyogharamia utafiti, na watu wakanuna kwa hilo, lakini maabara nyingine zilipopima zikaona jambo hilo hilo. Kwa hiyo kitu kipo.

Siri kubwa ni soli. Soli za zamani nyingi ni povu la EVA, ambalo ukilikanyaga linameza sehemu nzuri ya nguvu yako. Hizi mpya zinatumia povu la aina ya PEBA, jepesi, linalorudisha sehemu kubwa zaidi ya nguvu uliyolikandamizia. Bamba la kaboni, kile kipande chembamba kigumu kilichofichwa ndani ya soli, ndilo kila mtu analolitaja, lakini watafiti waliwahi kulikatakata bamba lile ndani ya kiatu, wakawapa watu wakimbie nalo, na matumizi ya nguvu yakabadilika kidogo sana. Nilifurahi kujua hilo, maana muuzaji wangu alikuwa amelisifia bamba kana kwamba ni injini. Halafu kuna uzito: ukiongeza gramu 100 kwenye kila kiatu, gharama ya kukimbia inapanda kwa takriban asilimia 1. Ndiyo maana Mwethiopia Tigist Assefa alipokimbia marathoni ya Berlin mwaka 2023 kwa saa 2:11:53, rekodi ya dunia ya wanawake wakati ule, kila mtu alizungumzia raba zake zenye gramu 138.

Na historia ilishasema mapema. Mwethiopia Abebe Bikila tunamkumbuka kwa kukimbia peku marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 na kushinda kwa saa 2:15:16. Wanaochukia raba za bei kubwa huishia hapo kusimulia. Miaka minne baadaye, Tokyo, wiki chache tu baada ya upasuaji wa kidole tumbo, alishinda tena kwa 2:12:11. Amevaa viatu. Na soksi.

Halafu ikaja wikiendi ile ya Oktoba 2019. Tarehe 12 Eliud Kipchoge akamaliza kilomita 42.195 Vienna kwa 1:59:40, katika jaribio maalumu lisilohesabiwa kama rekodi. Kesho yake Mkenya mwenzake Brigid Kosgei akakimbia marathoni ya Chicago kwa 2:14:04, akaifuta rekodi ya dunia ya wanawake, 2:15:25 ya Mwingereza Paula Radcliffe, iliyokaa tangu mwaka 2003. Wote wawili walikuwa na raba za aina hii, na kelele zikawa nyingi kiasi kwamba Januari 2020 Shirikisho la Riadha Duniani likaweka kikomo: soli isizidi milimita 40 kwa mbio za barabarani, na bamba liwe moja tu. Hakuna mtu anayetunga sheria dhidi ya kitu kisichofanya kazi.

Sasa ndiyo nikazivuta kutoka chini ya kitanda.

Nilifanya jaribio langu mwenyewe uwanjani. Nilivaa mkanda wa kupima mapigo ya moyo, nikajilazimisha kukaa kwenye mapigo 160 kwa dakika, nikakimbia kilomita moja na raba za zamani, nikapumzika, nikabadilisha, kilomita moja na mpya, nikarudia. Jumamosi tatu mfululizo. Wastani: za zamani 5:01, mpya 4:56. Sekunde tano kwa kilomita. Ukizizidisha kwa kilomita 21 unapata dakika moja na robo tatu hivi. Si dakika tano, lakini si sifuri.

Najua dosari ya jaribio langu. Nilikuwa nikijua nimevaa zipi, na moyo unaotaka kuamini hukimbia vizuri. Sijui ningeiondoaje imani miguuni, na sidhani kama inaondoka. Ila nilizitoa kifungoni.

Kuanzia hapo nilizivaa mazoezini mara moja kwa wiki, mwanzo dakika kumi tu mwishoni mwa mazoezi, kisha ishirini, kisha mbio ndefu moja nzima kabla ya shindano. Siku nyingine zote nilitumia raba za kawaida. Sehemu ya katikati haina hadithi. Ni miezi mitano ya kuamka. Lakini naomba msiniruke hapa, kwa sababu ndipo kasi ilipotoka. Nilipandisha kilomita za wiki kutoka 30 hadi 48, taratibu. Nilikimbia polepole siku za polepole, jambo ambalo kiburi changu kililikataa kwa miaka mitatu. Nililala. Nilipanda kwenye ngazi kuinua na kushusha visigino kila usiku hadi vigimbi vikakubali.

Shindano lililofuata nilianza kwa 5:00. Nilipitwa na watu wengi, hata mzee mmoja aliyekuwa akiimba. Nikaacha wanipite. Nikamaliza kwa saa 1, dakika 43 na sekunde 51. Ndiyo, nimeandika sekunde. Nilizitafuta, nitaziandika.

Hesabu yangu ya haki ni hii: niliondoa dakika tatu na nusu kwenye muda wangu wa zamani. Nusu nawapa raba. Nusu nyingine ni yangu na sitampa muuzaji yeyote.

Sasa wewe uliyeandika. Kutoka dakika 52 hadi 50 ni karibu asilimia 4, na nadhani ndipo ulipouona ule utamu: raba ya asilimia 4, nami nahitaji asilimia 4. Nami nilipiga hesabu hiyo. Lakini ile asilimia 4 ni ya nguvu unazotumia, si ya muda utakaoandikiwa, na ilipimwa kwa watu wenye kasi kubwa wakikimbia kilomita 14, 16 na 18 kwa saa. Wewe unakimbia kama 11 na nusu. Vipimo vilivyofanywa kwenye mwendo wa kilomita 10 na 12 kwa saa vilikuta faida ya wastani karibu asilimia 1, na wapo walioambulia patupu. Asilimia 1 ya dakika 52 ni sekunde 31. Zilizobaki, dakika moja na nusu, haziuzwi kwenye boksi.

Jamani, tuambizane ukweli. Tunanunua viatu kwa sababu kununua kunachukua robo saa, na mazoezi yanachukua msimu. Tunajua uzito wa raba zetu kwa gramu, hatujui tumelala saa ngapi wiki hii. Mtu ana raba tatu za mashindano na hajawahi kukimbia wiki nne mfululizo bila kuruka! Nasema hivyo kwa sababu nilikuwa huyo mtu, na rafu yangu bado inanisuta.

Kwa hiyo: kama raba ulizonazo zimepita kilomita 700 au 800 na soli imekufa, nunua mpya leo, ila za kawaida, zinazokukaa vizuri, zenye nafasi ya upana wa kidole gumba mbele. Hizo nazo zitakupa mwendo, kwa njia ya kutokukuumiza. Ukishazoea kilomita zako na bado akiba ipo, nunua za kaboni na uzivae mazoezini kwanza. Narudia, mazoezini kwanza. Na usizigeuze kuwa za kila siku. Povu lake linachoka mapema, na madaktari wa michezo wameshaandika kuhusu wakimbiaji waliopata nyufa kwenye mifupa ya wayo wakiwa na viatu vya aina hii. Ukisikia maumivu mahali pamoja kwenye mfupa, vua. Na hata ukizoea, kilomita ya kwanza usiziamini. Zinadanganya kwamba hujachoka.

Nimesahau kusema: mwenzangu siku ile ya 1:43:51 alikimbia 1:42 na kitu. Na zile zile raba, sasa kidole chote kiko nje. Sikumuuliza kama zinabana. Lakini wiki iliyopita, saa tano usiku, ameniandikia kutaka kujua raba zangu ni namba ngapi, na kama naweza kumwazima Jumamosi, kujaribu tu.

Nimemwambia sawa, bingwa.