Ukali wa bosi dukani na kujituma kwa wafanyakazi

Je, bosi akiwa mkali dukani, wafanyakazi hujituma zaidi? Hapana, kuwafokea vijana wa duka hakuwafanyi wajitume. Wanachapa kazi ukiwa umesimama pale tu. Jaribio la watafiti wa saikolojia Lewin, Lippitt na White huko Iowa, Marekani, lililochapishwa 1939, lilionyesha hivyo kwa vikundi vya watoto: kiongozi wa amri akitoka chumbani, kazi ilidorora, ila walioshirikishwa kwenye maamuzi waliendelea. Walioachwa wajiendee tu nao hawakufanya la maana, kwa hiyo upole wa kukaa kimya si dawa.

Kwa duka la Kariakoo angalia stoo. Kijana anayefokewa mbele ya wateja akiona katoni ya chini imelowa, ananyamaza, maana anayetoa taarifa ndiye anayebebeshwa kosa. Hasara utaikuta siku ya kuhesabu mali. Kosa lizungumzieni pembeni. Asubuhi kabla ya kufungua, chukua dakika kumi uwaulize jana kimekwama nini, kisha waachie jambo moja waamue kweli, mfano zamu za Jumapili. Usiwaulize kitu ulichokwisha kuamua. Wakijua ni geresha, morali inashuka zaidi.

Ila mgeni asiyejua kazi anahitaji maelekezo ya moja kwa moja, hatua kwa hatua. Nadharia ya mtafiti wa uongozi Robert House ya 1971 inasema hivyo: kazi isipoeleweka, maelekezo humridhisha mtu; akishaimudu, yanamkera. Na kama mshahara unachelewa, anza na hilo.