Je, sindano ya steroidi kwenye goti hula mifupa?

SWALI: Daktari, nina umri wa miaka 58 na ninaishi na kisukari. Goti langu la kulia limesagika, na vidonge vya maumivu havinisaidii tena. Hospitalini nimeshauriwa nichomwe sindano ya steroidi ndani ya goti, lakini jirani yangu ananionya kwamba sindano hizo hula mifupa. Je, nikubali?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Mama, hofu ya jirani yako ina msingi, ila inahusu zaidi sindano zinazorudiwarudiwa. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2017, wagonjwa 140 wenye goti lililosagika walichomwa ama triamsinoloni, ambayo ni aina ya steroidi, ama maji ya chumvi kila baada ya wiki 12 kwa miaka 2. Waliopata steroidi walipoteza zaidi gegedu, yaani utando laini unaofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo, na maumivu yao hayakupungua kuliko ya wenzao. Ndiyo maana madaktari huacha angalau miezi 3 kati ya sindano na sindano, na kwa kawaida hawazidishi 3 au 4 kwa mwaka katika kiungo kimoja.

Kwako wewe, jambo linalonishughulisha zaidi ni sukari. Dawa hii, ingawa huwekwa gotini, huingia pia kwenye damu na inaweza kupandisha sukari kwa siku kadhaa, pengine wiki nzima. Ikiwa sukari yako haijatulia, omba sindano iahirishwe. Ikiwa imetulia, ipime mara nyingi zaidi siku hizo, na usibadilishe dozi ya dawa zako kabla ya kuzungumza na kliniki yako.

Usishangae goti likipoa siku hiyohiyo kisha likauma tena: nafuu ya kwanza huwa ya dawa ya ganzi iliyochanganywa humo, na maumivu yanaweza hata kuzidi kwa siku moja au mbili kabla steroidi haijaanza kazi. Nafuu yake hudumu wiki kadhaa, wakati mwingine miezi michache. Kwa maoni yangu, thamani ya sindano hii ni kukupa nafasi ya kufanya mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja, ambayo maumivu yalikuwa yakiyazuia. Asiyefanya mazoezi hayo atarudi kudai sindano nyingine mapema. Ngozi palipochomwa inaweza kufifia rangi, na kwetu weusi huonekana wazi. Lakini goti likivimba na kuwa la moto, nawe ukapata homa, nenda hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa usaha ndani ya kiungo hukiharibu upesi.

Kabla ya kuchomwa, mweleze daktari dawa zote unazotumia, hasa za kuyeyusha damu. Wasomaji wanaotumia ARV zenye ritonavir wasilifiche hilo kwa haya, kwani dawa hiyo huzuia mwili kuondoa triamsinoloni, ikajilimbikiza na kuleta madhara makubwa. Omba pia jina la dawa na tarehe viandikwe kwenye kadi yako, kwa sababu ukija kupangiwa upasuaji wa kubadilisha goti, daktari atataka miezi 3 iwe imepita tangu sindano ya mwisho.